Uzoefu wangu na GeoGebra: nukta P ilipovuka A

Nafundisha hisabati kidato cha tatu, na mada ya duara ilikuwa inanitesa. Nachora ubaoni, naeleza kwamba pembe ya kitovuni ni mara mbili ya ile ya kwenye mzingo, wanafunzi wananakili, wiki ijayo wamesahau. Mchoro wa chaki hausogei. Mtoto ameona duara moja tu, kwa nini aamini kwamba ndivyo ilivyo kwa maduara yote?

Muhula uliopita mwenzangu aliniletea GeoGebra, programu ya kompyuta ya kuchora maumbo ya hisabati unayoweza kuyasogeza, kwenye flashi. Ilianzishwa mwaka 2001 na Markus Hohenwarter, alipokuwa akiandika tasnifu yake ya uzamili Chuo Kikuu cha Salzburg, Austria. Kuitumia darasani ni bure, na ukishaisakinisha haidai bando. Kwetu hilo ndilo lililoamua. Nilikuwa na kompyuta moja, projekta ya kuazima na wanafunzi 62.

Nilichora duara, nikaweka A na B juu ya mzingo, kisha nukta P ya kuburuta kwenye mzingo huo, na mistari kutoka A na B hadi kitovuni na hadi P. Kitovuni palisoma 100°, kwenye P 50°. Nikamwita binti wa dawati la nyuma aisogeze P. Ikabaki 50. Akasogeza tena, taratibu, macho hayabanduki kwenye namba. 50 ileile. Darasa zima likaanza kumwelekeza: "Ipeleke juu! Isogeze karibu na A!" Akaivusha A, na namba ikaruka hadi 230.

Nilikwama. Kumbe GeoGebra hupima pembe kinyume na mwendo wa mishale ya saa, hivyo P ilipohamia upande wa pili ilisoma ile pembe kubwa, inayozidi 180°. Fungua sifa za pembe hiyo, chagua iwe kati ya 0° na 180°, utaona 130°. Mwalimu unayesoma hapa, jaribu hilo nyumbani kwanza. Lakini 130 ilipotokea, kijana mmoja akasimama: "Mwalimu, 50 na 130 ni 180!" Somo hilo, la pembe zinazokabiliana za umbo la pande nne ndani ya duara, nilikuwa nimelipangia wiki iliyofuata.

Programu inaonyesha, haithibitishi. Kwa hiyo nilizima projekta tukarudi ubaoni: tukaunganisha P na kitovu, zikatokea pembetatu mbili, kila moja ina pande mbili zinazolingana kwa sababu ni nusukipenyo zilezile. Safari hii walitaka kujua kwa nini. Halafu bikari na kipimapembe, kila mtu na daftari lake, kwani kwenye mtihani hakuna kompyuta. Na kesho yake umeme ulikatika kutwa nzima.

Kwa mada ya duara na grafu, siachi tena kuitumia. Kwa kutatua milinganyo bado naona chaki inatosha.

Yule binti amenifuata ofisini kuuliza kama pembe ingebaki vilevile iwapo umbo lingekuwa kama yai. GeoGebra inachora duaradufu. Jumatatu ataisogeza P mwenyewe.