Doom ya 2016 au Brutal Doom?

Hapa Mwanga, Kigoma, kijana akiniuliza aanze na Doom ipi, gemu ya kuwapiga risasi mashetani, kwanza namuuliza ana kompyuta gani. Doom ya 2016 hula zaidi ya GB 50 za diski na inataka kadi ya picha ya maana. Bando litaisha hujafika nusu ya kuipakua. Brutal Doom, kazi ya shabiki juu ya Doom ya 1993, inakwenda hata kwenye kompyuta yangu kuukuu isiyo na kitufe cha H. Ila uwe na faili la gemu asilia.

Kwa damu, ya shabiki imezidi. Shotgani inang'oa mkono, majeruhi anatambaa sakafuni, kuta zinabaki zimepakwa nyekundu. Naicheza watoto wakishalala. Ya 2016 nayo inararua, lakini ukatili wake una kazi: adui akiyumba na kung'aa, mmalizie kwa mikono, anakudondoshea uhai wa kujiponya. Kwa hiyo ukizidiwa hukimbii, unamvaa. Hapo ndipo iliponinasa.

Tena haina habari ya kujaza risasi. Brutal Doom inayo, na mara mbili imeniua nikiwa katikati ya kujaza.