TAHADHARI: Wauzaji wa "linki mia tano" wanaozungukia kampuni ndogo za utalii Arusha na Moshi

Wadau wa utalii, hasa ninyi wenye ofisi ya chumba kimoja na tovuti mliyoijenga kwa kujinyima, naomba msome hili kabla hamjatuma hela. Masika yameanza, wageni ni wachache, na watu hawa wanajua kwamba huu ndio wakati mwenye kampuni anakaa na kujiuliza kwa nini Google haimwoni. Anakuja WhatsApp kwa adabu: "Shikamoo bosi, tovuti yenu ni nzuri sana ila haina nguvu." Anakutumia picha ya skrini yenye jina la kampuni yako na alama 6 kati ya 100, kisha anaahidi kukufikisha 50 ndani ya mwezi kwa baklinki mia tano, yaani linki kutoka tovuti nyingine zinazoelekeza kwako. Hela inatangulia yote, kwa namba ya simu ya mtu binafsi.

Kazi yangu ni kutunza tovuti za kampuni za huku, na nimeitwa mara nyingi kuangalia kilichobaki baada ya mtu wa namna hii kupita. Inaniuma, kwa sababu wanaoliwa ni wale wanaohesabu kila shilingi hadi wageni warudi Juni.

Tuanze na hiyo alama. Si ya Google. Ni Domain Authority, kipimo cha kampuni ya Moz. Ahrefs nao wana chao, Domain Rating. Ni makadirio ya kampuni binafsi, na Google imesema wazi kwamba haipangi matokeo kwa kuyatumia. Alama hizo hupandishwa kirahisi kwa linki za takataka. Kwa hiyo jamaa anaweza kweli kukufikisha 50 na kukuonyesha ushahidi, na bado usipate mgeni hata mmoja zaidi.

Linki zenyewe zina maana, ndiyo maana utapeli huu unauzika. Tangu Larry Page na Sergey Brin waanzishe Google mwaka 1998, ukurasa unaoelekezwa na kurasa zinazoaminika umekuwa ukipewa uzito. Swali ni nani anayekuelekeza.

Mwambie muuzaji akuonyeshe tovuti tano kati ya hizo mia tano kabla hujalipa. Wengi hukimbia hapo hapo. Akikuonyesha, fungua kila moja uisome kama msomaji. Makala ya kwanza inahusu meno ya mbwa, ya pili mikopo ya haraka, ya tatu kubeti, ya nne "safari ya bei nafuu Kilimanjaro". Hakuna jina la mwandishi wala anwani ya ofisi. Tafuta jina la tovuti hiyo kwenye Google. Ikiwa haitokei hata kwa jina lake, itakusaidiaje wewe utokee? Kisha iweke kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, hifadhi ya bure ya kurasa za zamani za mtandao, uone ilikuwa nini zamani. Utashangaa. Nyingi zilikuwa za kanisa, shule au shirika la hisani lililoacha kulipia domeni, yaani jina la tovuti. Mtu akainunua ili auze linki kwa kutumia jina jema la wengine. Machi 2024 Google iliitaja mbinu hiyo waziwazi katika sera zake dhidi ya spamu.

Angalia pia maneno yanayobofywa. Watu wakikutaja kwa hiari yao, mmoja huandika jina la kampuni, mwingine jina la mwongozaji wako, mwingine "hawa hapa". Linki mia tano zenye sentensi ile ile moja ya kibiashara zinajulikana kuwa zimenunuliwa.

Mara nyingi Google huzipuuza tu, na hasara yako ni hela. Lakini ipo adhabu ya mkono, ambapo mtu wa Google anaikagua tovuti na kuishusha. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua maelfu ya linki zilizopandwa kwa faida ya JC Penney, duka kubwa la Marekani. Duka lilisema halikuziidhinisha, likamfukuza wakala wake. Halikusamehewa: kwa utafutaji wa masanduku ya Samsonite lilitoka nafasi ya 1 hadi ya 71 ndani ya saa mbili. Kwa hiyo usitegemee kujitetea kwamba aliyefanya ni jamaa wa WhatsApp.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni nywila. Wengine huomba kuingia kwenye tovuti yako "kuweka mipangilio", na huko wanaficha linki za kamari ndani ya kurasa zako. Unakuwa umelipa ili ugeuzwe bidhaa ya kuuzia mteja anayefuata. Usimpe mtu usiyemjua nywila wala umiliki wa Search Console, zana ya bure ya Google ya mwenye tovuti, hata akidai anafanya kazi na Google. Google haiuzi nafasi katika matokeo ya kawaida. Inauza matangazo, na huandikwa kuwa ni matangazo.

Linki nzuri kwa kampuni ya Kilimanjaro zinatoka kwa watu wanaoijua kazi yako. Kama ni mwanachama wa TATO, chama cha kampuni za utalii Tanzania, hakikisha jina na anwani ya tovuti yako viko sahihi kwenye orodha yao. Kama unawalipa na kuwalisha wagumu wako, yaani wapagazi, inavyostahili, omba ushirika na KPAP pale Moshi, mradi unaotetea wapagazi wa Kilimanjaro. Wanafuatilia kampuni mlimani kabla ya kuziorodhesha, na wageni wengi wa Ulaya na Marekani huipitia orodha hiyo kabla ya kuchagua. Hiyo ni linki usiyoweza kuipata kwa M-Pesa. Wakala wa Ujerumani anayekuletea vikundi kila mwaka, mwombe akutaje kwenye ukurasa wake wa Tanzania. Na andika kile ambacho mwongozaji wako anakijua na wengine wanakibahatisha: njia ya Lemosho mwezi wa Novemba ikoje, maji yanapatikana kambi zipi, mzigo unapimwaje getini. Wanaoandika kuhusu mlima wanatafuta taarifa hizo, na wakizikuta kwako watakutaja. Inachukua miezi, sitakudanganya.

Kama umeshanunua, acha kulipa na ubadilishe nywila leo. Fungua Search Console, sehemu ya hatua za mkono (Manual actions). Kama hakuna kitu, tulia. Usimlipe yule wa pili anayekuja kudai "nasafisha linki zenye sumu", mara nyingi ni kundi lile lile. Ukikuta adhabu, ondoa unazoweza kuziondoa, zilizobaki zikane kwa zana ya Google ya kukana linki, kisha omba ukaguzi upya.

Kama hela imetoka sasa hivi, piga huduma kwa wateja ya mtandao uliotumia, uombe muamala uzuiliwe kabla haujatolewa kwa wakala. Usifute mazungumzo. Tuma neno UTAPELI kwenda 15040 uripoti namba hiyo.