Sproketi za Kwodi kwa Mchanga wa Pwani: Ipi Itangulie, Ipi Ibaki Dukani

Mtu wa Mombasa mwenye kwodi ya cheni (pikipiki ya magurudumu manne) hahitaji kwenda mbali kutafuta mchanga, lakini mchanga wenyewe si wa namna moja. Ule wa Diani ni mweupe na laini, umetokana na matumbawe yaliyosagika. Ufuo wa Nyali hukazika vizuri maji yakikupwa, kisha ukipanda juu ya alama ya maji kujaa unakuta mchanga mkavu unaoshika magurudumu na kuyazamisha. Ukienda kaskazini hadi ng'ambo ya Mto Sabaki, kule Mambrui, kuna matuta ya mchanga yanayopandwa na kushukwa, na huko ndiko udhaifu wa injini hujulikana mapema. Kabla ya kutoa hata shilingi, mnunuzi aamue ni mchanga upi kati ya hii anaouendea mara nyingi, kwa kuwa sproketi (gurudumu la meno linalobeba cheni) inayofaa matuta makavu humchosha anayepita juu ya mchanga uliolowa.

Mwongozo huu unazihusu kwodi za gia za mguu zinazotumia cheni. Kwodi za kazi zinazotumia shafti, ambazo nyingi hukodishwa hotelini, hazina sproketi ya kubadilisha, na mwenye kwodi ya aina hiyo atafute msaada kwenye tairi.

Hesabu ya kuanzia ni fupi: idadi ya meno ya sproketi ya nyuma igawanywe kwa idadi ya meno ya sproketi ya mbele. Yamaha Raptor 700 hutoka kiwandani na meno 14 mbele na 38 nyuma, yaani uwiano wa 2.71, na Honda TRX400EX ilitoka na 15 kwa 38, yaani 2.53. Uwiano ukipanda, gurudumu hupata nguvu zaidi na kasi ya mwisho hupungua. Jino moja la mbele lina athari inayokaribia ile ya meno matatu ya nyuma, na hilo ndilo jambo ambalo wanunuzi wengi hulisahau wanapoona sproketi kubwa inayong'aa imetundikwa ukutani.

Kipimo cha kujua kama kweli unahitaji mabadiliko ni hiki. Kwenye mchanga mkavu, peleka gia ya pili mpaka injini ifike mizunguko yake ya juu, kisha tia gia ya tatu bila kupunguza mafuta. Ikiwa injini inazama na kasi inaanguka hadi ulazimike kurudi gia ya pili, ambako sasa injini inalia bila kuongeza mwendo, basi uwiano wako ni mdogo kwa mchanga huo, na sproketi itakusaidia. Ikiwa badala yake magurudumu yanazunguka bure na kujichimbia shimo, kuongeza uwiano kutazidisha tatizo. Angalia kwanza tairi na upepo wake, maana tairi za kwodi za michezo hutumia psi 4 hivi tu, na mara nyingi hujazwa kupita kiasi na mtu aliyezoea kujaza tairi za gari. Wako pia wanaouficha udhaifu wa uwiano kwa kushika klachi nusu nusu kila wanapopanda tuta. Sahani za klachi huungua kwa mtindo huo, na kuzibadilisha, pamoja na malipo ya fundi, ni gharama inayopita ile ya sproketi ya mbele.

Chaguo la kwanza, na ninalipendekeza bila kusita kwa wengi wanaopanda mchanga mkavu, ni kupunguza jino moja mbele na kuiacha nyuma ilivyo. Kwenye Raptor 700, kutoka 14 hadi 13 hupandisha uwiano hadi 2.92, ongezeko la karibu asilimia 8. Kwa mizunguko ile ile ya injini ambayo zamani ilikupeleka kilomita 100 kwa saa, sasa utakwenda kama 93, na hakuna anayezijutia hizo 7 akiwa juu ya mchanga laini. Gia ya tatu inaanza kuvuta, na kwodi haikwami kati ya gia mbili katikati ya mwinuko. Sproketi ya mbele ni ndogo, ni rahisi, na hufungwa bila kuivua ekseli ya nyuma. Ina kasoro moja ambayo mnunuzi aikubali akijua: cheni hupinda kwa ukali zaidi inapozunguka sproketi ndogo, kwa hivyo viungo vyake huchakaa mapema, na ile plastiki inayoulinda mkono wa nyuma (chuma kinachoshika ekseli ya nyuma) husuguliwa zaidi. Ikaguliwe mara kwa mara.

Chaguo la pili ni kuongeza meno nyuma na kuacha mbele kama kulivyo. Mwenye 14 kwa 38 akifunga 40 nyuma anapata 2.86, hatua ndogo inayomfaa mtu ambaye siku moja yuko Mambrui na siku nyingine anakwenda mwendo mrefu ufuoni maji yakiwa yamekupwa. Akifunga 41 anapata 2.93, ambayo haina tofauti ya maana na 13 kwa 38. Hapa ndipo muuzaji asiyejali anapoweza kukuuzia sproketi kubwa na cheni ndefu kwa matokeo ambayo ungeyapata kwa kubadilisha ile ndogo ya mbele peke yake. Hata hivyo njia ya nyuma ina haki yake, kwa kuwa cheni hudumu zaidi inapozunguka sproketi isiyo ndogo mno mbele. Tatizo ni kimo. Kwa cheni ya 520 (namba ya ukubwa iliyogongwa ubavuni mwake), meno matatu zaidi huongeza kipenyo kwa milimita 15 hivi, kwa hivyo ukingo wa chini wa sproketi hushuka karibu milimita 8. Juu ya matuta hilo si neno, lakini pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaochomoza pale pale usipoutarajia, na jino likigonga mwamba hupinda au huvunjika. Anayepita mahali penye mawe ahakikishe kwamba kinga ya chuma iliyo chini ya sproketi inaifunika ile kubwa pia.

Chaguo la tatu ni kufanya yote mawili, kwa mfano 13 kwa 40, ambayo ni 3.08. Ile kilomita 100 inashuka hadi 88. Naliweka la tatu kwa sababu lina watu wake maalumu: wenye injini ndogo, na wale waliofunga tairi za makasia, zile zenye mabapa ya mpira yaliyokingama ambayo huusukuma mchanga badala ya kuteleza juu yake. Tairi hizo huikamata injini kwa nguvu, na injini dhaifu huhitaji uwiano mkubwa ili izizungushe. Usisahau kwamba ukubwa wa tairi nao ni sehemu ya hesabu: kutoka inchi 20 hadi inchi 22 nyuma ni sawa na kuupunguza uwiano kwa karibu asilimia 9, kwa hivyo mtu hununua tairi kubwa za mchanga kisha akashangaa kwodi yake imekuwa nzito kuliko jana. Kupunguza jino moja la mbele hurudisha sehemu kubwa ya kilichopotea.

Kuongeza jino mbele, yaani 15 kwa 38, ni la mwenye injini kubwa anayepita mchanga uliolowa pekee. Wengine waliache.

Baada ya idadi ya meno inakuja metali ambayo sproketi imetengenezwa nayo, na katika jambo hili nina msimamo mkali zaidi. Nunua chuma kilichofanywa kigumu kiwandani, mbele na nyuma. Alumini ni nyepesi, ina rangi za kuvutia, na katika mashindano ina nafasi yake, lakini mchanga ukichanganyika na oili ya cheni husaga chochote kilicho kati ya kiungo na jino, na alumini ndiyo ya kwanza kuliwa. Mchanga wa Mambrui ni mbaya zaidi kwa hili kuliko ule wa Diani, kwa sababu Sabaki huleta kutoka bara chembe za madini ya kwazi (quartz), ambazo ni ngumu kuliko chembe za matumbawe. Zaidi ya hayo, alumini inapofungwa kwa bolti za chuma mahali penye hewa ya chumvi, kutu ya metali mbili zinazogusana huishika bolti mpaka isifunguke bila kuvunjwa. Sproketi iliyokerezwa mtaani kwa bamba la chuma cha kawaida nayo sikushauri uinunue, hata fundi akiwa hodari na kazi yake safi: meno yasipofanywa magumu kwa moto hupinda kama ndoana katika muda mfupi, na kila jino lililopinda huivuta cheni mpya kwenye uchakavu huo huo. Kwa sababu iyo hiyo, sproketi mbili na cheni hubadilishwa pamoja kila inapowezekana. Ili kujua kama za zamani zimekwisha, ivute cheni kwa vidole pale nyuma kabisa mwa sproketi kubwa. Ikiinuka hadi nusu ya jino ionekane chini yake, usifunge sproketi mpya juu ya cheni hiyo.

Kuhusu cheni, chagua yenye oringi, ambayo hufungia grisi ndani ya pini zake na kuzuia mchanga usiingie. Nje itie kilainishi cha nta kinachokauka, si oili nzito inayokusanya mchanga, na ukirudi kutoka ufuoni ioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku iyo hiyo.

Dukani, iwe Mwembe Tayari au Kongowea, nenda na sproketi zako za zamani mkononi. Soma namba iliyogongwa ubavuni mwa cheni. Bodaboda nyingi hutumia 428, na kwodi ndogo za Kichina huja na 420, 428 na hata 530, ilhali kwodi nyingi kubwa za michezo hutumia 520. Hatari iko kwenye jozi zinazofanana: 420 na 428 zina nafasi sawa kati ya pini, kadhalika 520 na 530, zikitofautiana hasa kwa upana, kwa hivyo cheni pana itakaa juu ya sproketi nyembamba na kuonekana sawa mbele ya kaunta, kisha ichezecheze na kula meno upande. Hesabu pia mitaro ya shimo la sproketi ya mbele, na pima umbali kati ya matundu ya bolti ya ile ya nyuma, kwa sababu kwodi za Kichina zenye injini za ukubwa mmoja huweza kutofautiana kwa matundu hayo.

Anayeongeza meno manne kwa jumla atahitaji takriban viungo viwili zaidi vya cheni, kwa hivyo asikate cheni mpya kwa kuilinganisha na ile ya zamani kabla ya kuizungusha kwenye sproketi mpya. Ulegevu wa cheni upimwe kwa kufuata kitabu cha kwodi yenyewe, na bolti za sproketi ya nyuma zikazwe tena baada ya safari ya kwanza mchangani.