Kijitabu cha majina cha 3,000 kilichotaka kumfanya mama mkwe wangu muasi

Nilikinunua Kariakoo baada ya swala ya Ijumaa, kwa muuza kofia na udi aliyetandaza nje ya msikiti. Shilingi 3,000. Mke wangu alikuwa amejifungua Alhamisi, mtoto wa kike, na akika, ile ya kumchinjia mtoto siku ya saba, ilikuwa Jumatano. Jalada linajisifu kuwa na majina 1,000 ya Kiislamu pamoja na maana zake. Kurasa 64, pini mbili za stepla.

Zuri lake niliseme. Maandishi ni makubwa, mama yangu aliyasoma bila miwani. Mambo ya siku ya saba yameelezwa vizuri: mbuzi wawili kwa wa kiume, mmoja kwa wa kike, kunyoa nywele na kutoa sadaka ya fedha kwa uzito wake. Kwa kurasa hizo sina kinyongo.

Kasheshe ni majina yenyewe. Kiarabu hakuna hata nukta moja, kila jina limeandikwa kwa herufi zetu hizi tu. Sisi tulishakubaliana mtoto aitwe Asia, jina la marehemu mama mkwe. Mke wangu akafungua herufi A, akakuta: "Asia: muasi. Halifai." Usiku ule hakula.

Asubuhi nikampelekea ustadhi wa mtaani. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka, akaomba kalamu, akaandika majina mawili kwa Kiarabu nyuma ya jalada. La kwanza lina herufi sini: huyo ndiye Asia mke wa Firauni, aliyemwombea Musa asiuawe alipookotwa mtoni. La pili linaanza na aini, katikati lina swadi: hilo kweli ni muasi, na Mtume alimbadilishia mwanamke aliyekuwa nalo, akamwita Jamila. Tukiyaandika kwa Kiswahili yote mawili yanatoka Asia. Mtunzi kaokota la pili, la kwanza kaliruka kabisa.

Halafu majina ya kwetu hayamo. Juma hayumo, Mwajuma hayumo, Mwanaidi hayumo. Mama, mtu wa Pangani, alikuwa anatafuta Mwanahamisi kwa sababu mtoto kazaliwa Alhamisi. Akafunga kijitabu: "Hamisi si Kiarabu hicho? Au nilipomtia 'Mwana' mbele nimemtoa kwenye dini?" Nikamwambia, mama, Hamisi yenyewe ni tano ya Waarabu, na akika inaangukia Jumatano, tano yetu. Akasema basi ndiyo zaidi.

Mtoto ni Asia. Bibi yake anamwita Mwanahamisi, hataki kusikia jingine.

Kwa kurasa za akika nakipa nyota mbili. Jirani yangu ni mjamzito, jana kaja kukiazima. Nimempa, ila kurasa za herufi A nimezichomoa kwanza. Pini zenyewe zilishalegea.