Kutazama All England mjini Birmingham: kwa nini Alhamisi inaipita siku ya fainali

Mtu anayepanga kwenda Birmingham kutazama mashindano ya All England ya mpira wa vinyoya (badminton), na ambaye mfuko wake unamruhusu kununua tiketi ya siku moja tu, ninamshauri achukue ya Alhamisi. Wengi watashangaa, kwa kuwa Jumapili ndiyo siku ya fainali na ndiyo siku ambayo tiketi zake hugombewa mapema. Hata hivyo nimekaa kwenye majukwaa ya ukumbi ule siku za mwanzo na siku za mwisho, nimezungumza na mashabiki waliotoka nchi nyingi, na hukumu yangu haijabadilika: uhondo wa mashindano haya uko katikati ya juma.

All England si mashindano ya jana. Yalianza London mwaka 1899, yakachezwa kwa siku moja na kwa wachezaji wawili wawili pekee. Michezo ya mmoja mmoja iliongezwa mwaka uliofuata. Kabla ubingwa wa dunia haujaanzishwa mwaka 1977, aliyeshinda hapa ndiye aliyehesabiwa kuwa bora duniani, na ndiyo maana jina la Rudy Hartono wa Indonesia, aliyetwaa taji la wanaume mara nane kati ya mwaka 1968 na 1976, linatajwa kwa heshima hadi leo na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa alipoacha kucheza. Baada ya miaka mingi pale Wembley, London, mashindano yalihamia Birmingham mwaka 1994, na huchezwa huko kila mwezi Machi katika ukumbi ambao sasa unaitwa Utilita Arena.

Hesabu ya michezo ndiyo inayoeleza ushauri wangu. Kila kitengo kati ya vitano, yaani wanaume, wanawake, wanaume wawili wawili, wanawake wawili wawili na mchanganyiko wa mwanamume na mwanamke, huanza na washiriki au jozi 32. Raundi ya kwanza ina michezo 80, nayo hugawanywa Jumanne na Jumatano. Alhamisi wanabaki 16 katika kila kitengo, kwa hiyo huchezwa michezo 40 kwa siku moja. Ijumaa ni 20, Jumamosi ni 10, na Jumapili ni mitano tu. Anayekuja Alhamisi anawakuta takriban wote wenye majina makubwa bado wamo, dhaifu wameshachujwa, viwanja kadhaa vinachezwa kwa wakati mmoja tangu asubuhi hadi usiku, na hakuna bingwa aliye salama.

Mfano ninaoukumbuka vizuri ni wa mwaka 2025. Jonatan Christie wa Indonesia alikuja akiwa bingwa mtetezi, na katika raundi ya pili, ile ya Alhamisi, akapangiwa Lakshya Sen wa India, kijana aliyewahi kufika fainali ya hapahapa mwaka 2022. Sen alimfunga 21-13, 21-10. Matokeo hayo yakisomwa kwenye karatasi yanaonekana kuwa mchezo wa upande mmoja usio na ladha, lakini ndani ya ukumbi haikuwa hivyo hata kidogo. Mashabiki wa India, ambao Birmingham hawakosekani kwa sababu mji wenyewe na miji jirani ina familia nyingi zenye asili ya huko, walikuwa wakisimama kila pointi, huku Waindonesia wakiendelea kuimba jina la nchi yao hata bingwa wao alipokuwa nyuma kwa pointi nyingi. Kwenye televisheni ningeona mtu anashindwa. Pale niliona jinsi Sen alivyomnyima mwenzake nafasi ya kushambulia, jinsi alivyorudi katikati ya kiwanja kabla kinyoya hakijavuka wavu, na jinsi mabega ya Christie yalivyoanza kulegea mapema kabisa katika seti ya pili. Siku iliyofuata Sen mwenyewe akatolewa na Li Shifeng wa China.

Hili la televisheni nataka kulikalia kidogo, maana ndilo linalotofautisha anayekwenda na anayebaki nyumbani. Kamera kuu ya mchezo huu huwekwa juu, nyuma ya mstari wa mwisho, na kutoka pale kiwanja chenye urefu wa mita 13.4 huonekana kifupi, kana kwamba wachezaji wanapokezana kinyoya chumbani. Kasi hupotea, na kimo hupotea zaidi. Aliyeketi ukumbini ndiye anayefahamu kuwa pigo la juu la kujihami hupaa hadi karibu na taa, kwamba mchezaji anapata muda wa kufikiri, na kwamba muda huohuo ndio unaomtesa. Smashi, yaani pigo kali la kushambulia linaloshuka kutoka juu, nayo ni jambo jingine. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipimwa akipiga kinyoya kwa kasi ya kilomita 565 kwa saa katika jaribio maalumu nchini Japani; katika mchezo wa kawaida kasi huwa chini ya hapo, lakini sauti ya smashi ya wanaume wawili wawili, ikisikika kutoka safu za chini, hushtua hata mtu aliyekwisha kuisikia mara nyingi. Kisha kinyoya kilekile, kwa sababu ya manyoya yake 16 na uzito usiozidi gramu 5.50, hupoteza kasi ghafla kinapokata hewa, na mpokeaji akiwa hodari hukirudisha kwa mguso mwepesi karibu na wavu. Mabadiliko hayo ya kasi ndani ya nusu sekunde ndiyo roho ya mchezo, na skrini haiyaonyeshi.

Kwa sababu hiyo uchaguzi wa kiti una uzito kuliko watu wengi wanavyodhani. Tiketi za pembeni, sambamba na wavu, huvutia kwa kuwa ziko karibu, lakini shingo huchoka na mtazamaji hawezi kuona upana wa kiwanja, yaani hawezi kujua kama pigo limekwenda kwa mtu au limekwenda kwenye nafasi tupu. Mimi ninapendelea kukaa nyuma ya mstari wa mwisho, safu za kati, ambako pembe za mapigo zinaonekana na kimo bado hakijapotea. Siku ambazo viwanja ni vingi, kiti cha nyuma kina faida nyingine: kwa kugeuza kichwa kidogo tu unaweza kuona kiwanja cha pili na cha tatu.

Kuna jambo la hewa pia, ambalo wageni wengi hawalitambui. Katika ukumbi mkubwa wenye mitambo ya kupoza na kupasha joto, hewa hutembea, na kinyoya huyumba nayo. Mchezaji anayecheza upande ambao upepo unamsukuma kutoka nyuma hulazimika kupunguza nguvu ili kinyoya kisitoke nje, na wanapobadilishana upande mambo hugeuka. Nilipoanza kulifuatilia hili, seti ambazo zilionekana za ajabu, mtu akishinda 21-10 kisha akafungwa 21-12, zilianza kueleweka. Asiyejua humlaumu mchezaji kwa uzembe. Anayejua hutazama ni nani yuko upande gani.

Sasa niwazungumzie mashabiki wenyewe, kwa maana bila wao ukumbi ule ungekuwa jengo la kawaida. Waingereza hupiga makofi kwa adabu na hushangilia pigo zuri la yeyote. Wadenmark huja kwa makundi, wamevaa nyekundu na nyeupe, na wanaujua mchezo kwa undani kwa sababu kwao unachezwa vijijini na mijini. Wamalaysia hubeba bendera kubwa na matumaini makubwa. Lakini hakuna wanaofikia Waindonesia. Wao hupaza sauti kwa kila pigo la mchezaji wao, si kwa kila pointi, hivi kwamba mfululizo wa mapigo 30 huwa na vishindo 30, na ukumbi mzima hujikuta ukipumua kwa mwendo wao.

Mapenzi hayo yana historia ya uchungu. Mwezi Machi 2021 timu nzima ya Indonesia iliondolewa kwenye mashindano haya baada ya abiria mmoja aliyesafiri nao kwa ndege kukutwa na virusi vya korona, ilhali baadhi ya wachezaji wao walikuwa wamekwisha kushinda michezo yao ya kwanza. Ukumbi ulikuwa mtupu mwaka ule, lakini hasira ya mashabiki ilisikika duniani kote. Mwaka uliofuata Muhammad Shohibul Fikri na Bagas Maulana, jozi isiyotegemewa, walitwaa taji la wanaume wawili wawili. Kisha mwaka 2024 fainali ya wanaume ikawa ya Waindonesia watupu, Jonatan Christie dhidi ya Anthony Ginting, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1994, na siku hiyohiyo Fajar Alfian na Muhammad Rian Ardianto wakatetea taji lao. Shabiki mmoja wa Indonesia anayesoma Uingereza aliniambia kwamba aliposikia wimbo wa taifa lake ukipigwa pale alilia, na sikuona sababu ya kumshangaa.

Kwa msomaji wa Kiswahili kuna jambo la ziada. Mji wa Leicester hauko mbali na Birmingham, na wengi wa wazee wenye asili ya Asia wanaoishi huko walizaliwa au kulelewa Kenya, Uganda na Tanzania. Niliketi karibu na mzee mmoja wa namna hiyo, na aliponisikia nikizungumza kwa simu aligeuka akaniuliza kwa Kiswahili safi, "Kijana, watoka wapi?" Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, tukaendelea. Alikuwa amejifunza mchezo huu Kampala akiwa mwanafunzi, na ushauri wake kwangu ulikuwa mfupi: "Usikimbize kinyoya kwa macho. Tazama miguu ya mchezaji, utajua kinakokwenda kabla hajapiga." Nilijaribu, na mchezo wa wanawake wawili wawili, ambao hapo awali nilikuwa nauona mrefu na wa kurudiarudia, ulinifungukia kwa namna ambayo sikuitarajia. Sasa ndicho kitengo ninachokisubiri kwa hamu zaidi.

Sitaki kuidharau Jumapili. Siku hiyo kiwanja kinabaki kimoja katikati ya giza, taa zote zimeelekezwa pale, na kila mchezaji huingia kwa jina lake kutangazwa. Fainali ya wanawake ya mwaka 2025 ilikuwa miongoni mwa michezo bora niliyowahi kuitazama: An Se-young wa Korea Kusini alipoteza seti ya kwanza 13-21 kwa Wang Zhiyi wa China, kisha akazitwaa mbili zilizofuata kwa 21-18, 21-18, katika pambano la dakika 95. Kwa saa moja na nusu hakuna aliyeondoka kwenda kununua chai. An alirudisha mapigo ambayo watu walikuwa wameshaanza kuyapigia makofi wakidhani yamekwisha, na Wang, ambaye alicheza kwa ujasiri mkubwa, alistahili zaidi ya makofi ya kumfariji. Siku hiyohiyo, kwa upande wa wanaume, Shi Yuqi wa China, aliyewahi kumfunga nyota mwenzake wa China, Lin Dan, katika fainali ya hapo mwaka 2018, akatwaa taji lake la pili kwa kumshinda Lee Chia-hao wa Taiwan 21-17, 21-19.

Ila Jumapili ni kamari. Mwaka 2024, fainali ya wanawake ilianza kwa seti ya kusisimua ambayo Carolina Marín wa Hispania aliishinda 26-24, kisha mpinzani wake Akane Yamaguchi wa Japani akalazimika kujitoa akiwa nyuma 11-1 katika seti ya pili. Hakuna wa kulaumiwa mchezaji anapoumia. Lakini aliyelipa bei ya juu kwa michezo mitano, mmoja wao ukikatika njiani, amepoteza sehemu kubwa ya siku yake, ilhali Alhamisi mchezo mmoja ukikatika mingine huendelea jirani.

Kuhusu huduma za kawaida sina mengi. Kutoka stesheni kuu ya New Street unaweza kutembea kwa miguu, ukipita maeneo ya katikati ya mji na kando ya mifereji, au ukapanda tramu. Chakula cha ndani ni cha bei ya kumbi kubwa za Uingereza, kwa hiyo anayekaa kutwa nzima afadhali ale vizuri kabla ya kuingia. Nguo nyepesi ya kujifunika inafaa, kwa kuwa jioni ya Machi ni baridi unapotoka. Wanaouza raketi na fulana huwa na msongamano mkubwa wakati wa mapumziko, na mwenye nia ya kununua aende michezo ikiwa inaendelea, mradi awe radhi kukosa seti moja.

Upungufu ninaouona wa kweli ni wa taarifa. Siku za viwanja vingi mtazamaji mpya huchanganyikiwa: mchezo mkali unaweza kufika 20-20 kwenye kiwanja cha mbali, yeye akajua tu baada ya kusikia kelele. Ningependa mbao za matokeo ya viwanja vyote zionekane kwa urahisi kutoka kila upande, na mtangazaji awaelekeze watu kwenye mchezo unaokaribia kumalizika. Hadi hilo lifanyike, chapisha au hifadhi kwenye simu ratiba ya siku kabla hujaondoka nyumbani, weka alama kwenye michezo mitano au sita usiyotaka ikupite, uketi nyuma ya kiwanja ambacho mingi kati ya hiyo imepangwa, na ukiona Waindonesia wanaanza kuhamia upande mwingine wa jukwaa, geuka utazame wanakotazama.