Maabara ya hospitali moja hapa Dodoma: majibu ya sumu yalitukuta tumesharudi nyumbani

Jina silitaji. Nina shukrani na nina malalamiko, na baadhi ya wahudumu bado nakutana nao soko la Majengo.

Mdogo wangu alikuwa anapulizia zabibu dawa ya wadudu kule Hombolo, bomba linamvujia mgongoni, shati limelowa, naye anaendelea tu. Saa nane mchana jasho na udenda vikaanza kumtoka, mboni za macho zikawa kama tundu la sindano. Tunafika mapokezi, kifua kinakoroma kama kina maji.

Nikapiga kelele: "Mpimeni sumu kwanza!" Daktari, kijana tu, akanijibu huku anasukuma atropini, dawa ya kupambana na sumu hii, mshipani: "Mama, hii naiona kwa macho. Tukisubiri majibu tutamkosa." Muuguzi akamvua lile shati, akamwosha kwa sabuni. Kila dakika tano kifua kinasikilizwa, dozi inaongezwa maradufu, hadi kikakauka.

Maabara sasa. Sukari walipima palepale kitandani kwa tone la kidole. Potasiamu, yaani madini ya kwenye damu, na figo, saa moja na nusu. Hapa nawapa heko: mtaalamu alirudi mwenyewe kutoa damu upya, kwa sababu chembe za ile ya kwanza zilipasuka, na damu ya namna hiyo inaonyesha potasiamu iko juu kwa uongo. Wangapi wangeiandika tu wakaendelea?

Kipimo nilichokuwa nakililia kinaitwa kolinesterasi, yaani kimeng'enya ambacho dawa hizi za wadudu hukizima mwilini. Pale hawakifanyi, damu ilisafirishwa kwenye barafu, majibu yakaja siku ya tisa. Mgonjwa alisharuhusiwa siku ya sita, anakula ugali. Yalithibitisha tu alichokisema daktari.

Kilichoniudhi ni dirisha la malipo. Nimetumwa mara tatu, namba ya malipo inagoma, na vichupa vya damu viko mezani vinasubiri stakabadhi. Mgonjwa wa sumu huyo!

Ukienda, beba kopo la dawa lenyewe. Sisi tulipeleka chupa ya soda, maana shemeji alihamishia dawa humo. Ikabidi bodaboda alifuate kopo Hombolo. Likafika usiku, lebo imelowa lakini jina linasomeka.

Maabara, nyota nne. Dirisha la malipo, moja, na hiyo ni ya mlinzi aliyenipa kiti.