Gaggia Classic ya mtumba: ilichonidai, na inachonipa sasa

Nilimpa muuzaji wa Kariakoo shilingi 150,000 kwa Gaggia Classic, mashine ya nyumbani ya espresso, yaani kahawa nzito inayosukumwa kwa shinikizo, naye akaniapia kwamba mashine inawaka. Kweli taa iliwaka, ila kahawa haikutoka. Leo ni mwezi wa tano nainywea espresso kila asubuhi, na nikiulizwa kama ningeinunua tena, jibu langu ni ndiyo, kwa mtu mwenye subira na bisibisi.

Kitu nilichofanya vizuri ni kusoma kibao cha nyuma kabla ya kutoa hela: volti 230, hezi 50. Ilitoka Uingereza na plagi yake ya pini tatu. Ya Marekani ya volti 120 ningeiacha palepale dukani, kwa sababu boila yake, yaani chungu cha kuchemshia maji, hula zaidi ya wati 1,000 na transfoma ya kuibeba si ya bei ndogo.

Ugonjwa wenyewe niliugundua nyumbani. Nikiwasha pampu huku bomba la mvuke likiwa wazi, maji yanatoka kwa nguvu. Nikilifunga na kubonyeza swichi ya kahawa, pampu inanguruma na matone mawili matatu yanadondoka. Maana yake pampu ni nzima! Maji ya kahawa hupitia valvu ya solenoidi, mlango mdogo unaofunguliwa na umeme, yenye kitundu chembamba mno, lakini ya bomba la mvuke hayapiti humo. Kipande cha chokaa kama punje ya ulezi kinatosha kukiziba. Kwa hiyo kabla hujaagiza pampu mpya, jaribu kwanza bomba la mvuke.

Nilichomoa plagi, nikapiga picha kila waya kabla ya kuuvuta, nikafika kwenye bolti nne za boila. Tatu zilitii. Ya nne iling'ang'ania hadi alenki, ufunguo wake wa pembe sita, ikaanza kuteleza, nikamwita mzee wa jirani, fundi wa majokofu. Aliitazama, akasema, "Mwanangu, ukiilazimisha itakatika. Itie mafuta, nenda kalale." Asubuhi niligonga kichwa cha bolti taratibu, ikalegea. Kama si yeye ningeikata, na kutoa bolti iliyokatikia ndani ya alumini ni kazi ya karakana.

Ndani kulikuwa na ukoko mweupe kama wa birika lililochemshia maji ya kisima miaka mingi. Nilitumia ndimu ya unga, vijiko viwili kwa lita moja ya maji ya vuguvugu, kisha mswaki wa zamani. Angalieni hapa: boila ya toleo hili la kabla ya 2015 ni ya alumini, na asidi huila alumini. Niliiacha robo saa tu, nikasuuza, nikarudia mara moja. Valvu nayo niliifungua na kuipitishia dawa hiyohiyo. Raba ya kichwani, ile inayobanwa na kishikio cha kahawa, ilikuwa imekauka ikawa ngumu kama mbao. Niliagiza ya kipenyo cha nje milimita 73, cha ndani 57, unene 8.5, nikasubiri wiki mbili. Kabla ya kuiwasha, mzee alipima kwa mita yake kama umeme hauvuji kwenye bodi. Hatua hiyo msiiruke, maana maji na umeme vinakaa jirani humo ndani.

Siku ya kwanza nilitia kahawa ya Kilimanjaro niliyoitwanga kwenye kinu. Maji yalipita kwa sekunde nane, kahawa ikatoka nyepesi. Mashine haikuwa na kosa. Kahawa ya espresso inataka usagaji laini na wa saizi moja, na kinu hakiwezi. Nilinunua kisagio cha mkono, na sasa gramu 16 za unga wa kahawa zinanipa gramu 32 za espresso ndani ya nusu dakika, nzito, na povu la rangi ya asali juu yake. Nililia kidogo, nasema kweli.

Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, siyatii tena kwenye mashine.

Udhaifu wake ni mvuke. Boila ni ndogo mno, kama mililita 100, hivyo ukipasha maziwa ya kikombe kimoja inabidi usubiri ipate joto upya. Jumapili tukiwa wanne sihangaiki na maziwa: nawapa wageni kahawa chungu na kashata, na mzee huwa wa kwanza kuomba kikombe cha pili.